Diski ya Nyongeza, Wimbo wa Tisa

Jumatano, 9 Julai 2025

Imekwisha! Nyimbo kumi na mbili, mishale yote imekaa mahali pake, diski imechomwa na haikukwama hata mara moja. Kaka Zablon aliiweka kwenye mashine ya banda letu la michezo saa nne asubuhi, na mpaka saa kumi hakuna aliyetaka kushuka kwenye mkeka. Kuna mmoja amekanyaga mpaka soksi imetoboka kidole gumba.

Wiki saba hizi. Watu wanaona mishale inapanda kwenye skrini – kushoto, kulia, mbele, nyuma – wanakanyaga mkeka, wanadhani mashine ndiyo inayojua muziki. Mashine haijui kitu. Diski ya gemu iliyokuja nayo ina nyimbo zake za ng'ambo, basi. Ukitaka mtu wa Nkuhungu acheze wimbo wa kwao, lazima mtu akae chini, asikilize kipande kwa kipande, apange kila mshale kwa mkono, halafu achome diski ya nyongeza. Unaanza na diski ya gemu, mashine inakuomba diski ya nyimbo, unaweka yangu. Yangu! Hapa Dodoma simjui mwingine anayefanya kazi hii. Najisifu, ndiyo. Daftari ni langu.

Kinachonishangaza ni wimbo wa tisa. Nilidhani watagombania zile za kwaya, au ule wa zeze wa Mvumi. Wapi. Wote wanataka wa tisa, ule niliourekodi kwa simu Chemba mwezi wa tano, Tadeo, mchumba wangu, aliponipeleka nikaonwe na shangazi zake. Wanawake walikuwa uani wanapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo juu ya turubai, wanaimba Kisandawe, Shangazi Cecilia anaongoza. Ule mdundo wa fimbo! Na katikati ya maneno ile milio ya ulimi, mmoja hasa, mkali, unarudi mwanzo wa kila kiitikio na unasikika juu ya fimbo zote. Sikuelewa neno hata moja. Sikuona kama nahitaji. Kila palipo na mlio ule nikaweka mshale pacha – yaani unaruka na kutua kwa miguu yote miwili. Mara kumi na sita katika wimbo mmoja. Wakifika hapo banda zima linatikisika.

Na ruhusa niliomba. Shangazi aliwatazama wenzake, wakacheka, akaniambia, "Chukua, mwanangu. Peleka mjini."

Ijumaa, 11 Julai

Diski kumi na nne zimesambaa. Makole, Chang'ombe, Msalato, mpaka Ihumwa kwa Mama Flaviana, ambako mafundi wa reli wanacheza peku, buti zao wamezipanga nje kama msikitini.

Habari kubwa siyo hiyo. Tadeo amepiga simu: baba yake, Mzee Augustino, anakuja Jumamosi ya tarehe 26 kuleta posa. Anakuja na mzee mmoja wa ukoo na Shangazi Cecilia. Mama amepiga kigelegele peke yake jikoni. Mimi nimejifanya natafuta chaja.

Mzee Augustino nimemwona mara moja tu, stendi. Ile siku ya Chemba alikuwa mnadani na ng'ombe. Mzee mrefu, shati limepigwa pasi, maneno ya kuhesabu. Nilimpa shikamoo, akaniangalia kwa muda, akasema marahaba, akaniuliza kama kwetu mtama umetoa. Nikasema umetoa kidogo. Akaitikia kwa kichwa kama nimefaulu mtihani. Nilimpenda, kusema kweli. Tangu baba afariki sijaulizwa habari za mtama na mtu mzima.

Tarehe 26 hiyo hiyo mchana ndiyo mashindano ya mabanda, ukumbini. Nikasema tuahirishe kimoja. Kaka Zablon, ambaye ndiye atakayepokea posa kama mkubwa wa nyumba, akasema aahirishe nini? Watakula, watasema yao, halafu wote tunakwenda ukumbini wamwone binti wanayemwoa anafanya nini mjini. "Tena kuna wimbo wa kwao humo! Mzee atafurahi."

Jumapili, 13 Julai

Niandike kama ilivyokuwa.

Baada ya ibada walikuja wasichana wanne wa chuo kikuu. Mmoja anaitwa Violeth, miguu myepesi, alicheza nyimbo nane mfululizo na karibu hakukosea. Wa tisa ukaanza. Akakanyaga vizuri mpaka mshale pacha wa kwanza, hapo akabaki na mguu mmoja juu. Hakuruka. Akashuka kwenye mkeka. Wenzake wakamcheka, mashine ikamkatia wimbo kwa kukosa mishale mingi.

Akanijia mezani. "Dada Hana, huu wimbo umeupata wapi?"

Nikamweleza. Kwao ni Chemba, kumbe. Mama yake Msandawe.

"Unajua unasema nini?"

Nikasema ni wimbo wa alizeti.

Akatazama nyuma kama kuna mtu anasikiliza, akasema kwa sauti ndogo: pale mnaporuka ni jina la mtu. Jina la nyumbani, alilopewa na bibi yake, linaanza na ule mlio. Siyo la ubatizo, ndiyo maana sikulitambua. Na wimbo unamwambia mtu huyo: umeuza shamba walipolala wanangu, trekta limepita juu yao, na wewe umeendelea kunywa uji. Hivyo hivyo. Kiitikio kinamwita, ubeti unamwambia. Ubeti wa mwisho unawataja watoto wawili.

Nikauliza ni nani. Akasema pale Chemba mwenye jina hilo yupo mmoja tu, mzee wa ng'ombe, mrefu, kijana wake ni fundi umeme huku mjini.

Tadeo ni fundi umeme. Uwanja wa ndege, Msalato.

Nimekaa kwenye kreti la soda mpaka Kaka Zablon akaniuliza kama naumwa. Nikasema kichwa. Nyuma yangu walikuwa wameurudia wimbo. Nikahesabu. Kumi na sita. Miguu yote miwili, juu ya jina la baba mkwe wangu.

Jumatatu, 14 Julai

Nimempigia Shangazi Cecilia. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, nzuri. Nikamwambia nimejua wimbo unamsema nani.

Nasikia kuku tu.

"Wanaucheza?"

"Wanaucheza, Shangazi."

"Wengi?"

"Wengi sana."

"Vizuri," akasema, na simu ikakatika. Sijui alikata yeye au mtandao. Nimepiga tena mara nne, hapatikani.

Amenitumia! Mtu mzima, ananikaribisha uani kwake, ananichinjia kuku, ananiwekea neno mdomoni nisilolielewa ili nilibebe mpaka mjini. Na mimi nikalibeba, nikalichoma diski kumi na nne. Nina hasira naye.

Jumatano, 16 Julai

Sijamwambia Tadeo. Alipita jioni kidogo, ananitania kwamba baba yake ameshonesha suruali mpya. Nikacheka. Zimebaki siku kumi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeamua kuzikusanya. Nimechukua likizo ya uongo kwa Kaka Zablon, nikazunguka na diski za zamani kwenye begi za kubadilishia. Nikiulizwa nasema zina hitilafu, zitaharibu mashine. Makole wamenipa. Chang'ombe wamenipa kwa shingo upande. Hadi saa tisa nilikuwa na saba.

Ihumwa ndipo nilipokwama. Mama Flaviana ni mwanamke wa mwili na sauti, amesimama mlangoni na khanga kiunoni kama anauza samaki.

"Hitilafu gani, mdogo wangu? Wiki nzima inapiga, haijakohoa."

Nikasema itaanza tu.

"Umewapakulia watu wali, wamenyoosha mikono, unakuja kuchukua sinia? Nenda zako. Fundi wangu Wilbert anajifunza huo wa tisa kwa ajili ya Jumamosi ya mashindano. Usimharibie."

Ndani namwona huyo Wilbert, kijana mwembamba wa reli, ovaroli imefungwa mikono kiunoni, anaruka. Anaruka vizuri. Uchungu wake ni kwamba nilifurahi kidogo kumwona. Mishale yangu ilivyomkaa mwilini!

Msalato hali mbaya zaidi. Mwenye banda ameshanakili diski yangu, ametoa nakala kwa rafiki yake, rafiki naye kwa mwingine, barabara ya Kondoa. Barabara ya Kondoa ndiyo ya Chemba. Niliomba maji palepale.

Ijumaa, 18 Julai

Naenda Chemba. Simwambii mtu. Jumapili.

Jumapili, 20 Julai

Nimerudi sasa hivi, vumbi mpaka kwenye kope. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Nilimkuta Shangazi Cecilia ametoka misa. Nilikuwa nimepanga maneno makali njia nzima. Aliponiona hakushtuka. Alinipa maji, akaniambia tutembee.

Shamba siyo mbali na nyumba. Lilikuwa la baba yao, kwa karatasi ni la kaka yake, lakini yeye ndiye aliyelilima tangu awe mjane. Mwaka juzi Mzee Augustino akaliuza kwa mtu wa alizeti mwenye trekta. Pembeni, karibu na mti wa mkungugu, kulikuwa na makaburi mawili madogo ya mawe, ya wanawe. Mmoja alikuwa na miaka minne. Mwingine hakufikisha siku arobaini. Sasa hakuna jiwe. Kuna mabua ya alizeti yaliyokauka, mistari imenyooka vizuri. Alisimama mahali fulani akasema, "Nadhani hapa." Halafu akasogea hatua tatu. "Au hapa."

Maneno yangu makali yote yalipotea.

Tukarudi uani. Akanieleza, na naandika kama nilivyoelewa: kwao dada hamlaumu kaka yake mbele za watu, ni aibu kwa wote wawili. Lakini akiwa kazini na wenzake akaimba, hiyo siyo lawama, ni wimbo. Na mwenye kuimbwa akiwepo anapaswa akae asikilize mpaka mwisho. Hakuna wa kuukatiza. Ukiisha, ndipo anaweza kujibu, na hapo mambo yanazungumzika.

"Misimu miwili nimeimba hapa," akasema. "Akisikia tu naanza, anachukua fimbo anakwenda kwa ng'ombe. Hajawahi kufika ubeti wa watoto. Nikasema, huko mjini kwenye mashine labda utamkuta amekaa."

Nikamwambia kwa hiyo ulitaka aaibike mbele ya watu wa Dodoma.

"Watu wa Dodoma wanajua Kisandawe?"

Nikasema hawajui.

Halafu akaniuliza huo mchezo unachezwaje, maana hajauona. Nikavua viatu, nikachora mishale minne kwa kijiti kwenye mchanga, nikamwonyesha. Kushoto, kulia, mbele. Nikawa naimba wimbo wake kwa kubahatisha huku nakanyaga. Akawa anatabasamu. Nikafika kwenye jina, nikaruka, nikatua kwa miguu miwili, vumbi likaruka.

Tabasamu likaondoka.

"Hapo mnaruka?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Juu ya jina lake."

"Sikujua ni jina."

Akakaa chini kwenye kinu. Akasema polepole, "Mimi nimekupa wimbo. Hilo la kukanyaga sikukutuma. Ni kaka yangu yule."

Basi nimekwenda Chemba kumlaumu mtu, nimerudi na kosa langu mwenyewe. Kwenye basi nilikaa dirishani nikalia mpaka mama wa kiti cha pili akanipa leso.

Aliponisindikiza alisema neno moja tu: nisiutoe wimbo. Nifanye ninavyojua, ila nisiutoe. Sikumwahidi. Ningemwahidi vipi?

Jumanne, 22 Julai

Nimemwambia Tadeo.

Tulikaa nyuma ya banda. Nilidhani atashtuka. Hakushtuka! Akainamisha kichwa, akawa anachuna rangi ya ukuta kwa kucha.

"Ulijua?"

"Nilikuwepo uani, Hana. Kisandawe nakijua."

"Tangu mwezi wa tano unajua na umenyamaza."

"Nilidhani utabaki kwenye simu yako."

Utabaki kwenye simu! Mtu amenichumbia, anajua nachoma diski, anajua wiki saba nimekaa na wimbo ule masikioni, halafu anadhani utabaki kwenye simu. Nilimwambia maneno, mengine siyaandiki. Nimemwita mwoga. Hilo naliandika, maana nililimaanisha.

Akanieleza upande wa baba yake, ambao Shangazi haujui. Mzee alimwonyesha mnunuzi ile kona, wakakubaliana iachwe, akapiga na vigingi kwa mkono wake. Dereva wa trekta alikuwa mgeni, hakuambiwa. Mzee alipofika alikuta kumelimwa. Alishinda pale siku nzima anatafuta mawe, akarudi nyumbani na manne, hajui ni ya kaburi lipi. Yako chini ya kitanda chake mpaka leo.

"Kwa nini hakumwambia dada yake?"

"Angemwambiaje?"

"Kwa mdomo, Tadeo. Watu huambiana kwa mdomo."

Akasema kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake: Jumamosi wimbo ule usipigwe. Baba yake akiusikia mbele ya wakwe atainuka, ataondoka, na akiondoka na posa imeondoka. Hatarudi. Nimjue baba yake. "Itakuwa basi, Hana. Siyo kwamba nataka mimi. Itakuwa basi tu."

Ninampenda huyu mtu. Nimekasirika naye na ninampenda, vyote viko kifuani vinasukumana.

Alhamisi, 24 Julai

Nimechoma diski mbili.

Moja ina nyimbo kumi na moja. Wa tisa haupo. Kaka Zablon nimemweleza yote jana. Alishika kichwa, akasema hiyo ndiyo itakayotumika, mwisho wa maneno.

Ya pili sijamwonyesha mtu. Wimbo upo, lakini mishale pacha yote kumi na sita nimeiondoa, mmoja baada ya mmoja. Mahali pa jina hakuna kitu. Mchezaji akifika hapo skrini inakuwa tupu, anasimama, anasikia, halafu anaendelea. Nilijaribu mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, banda likiwa bado limefungwa. Mara ya kwanza karibu nianguke, mwili unatafuta pa kukanyaga na hapapo. Kama mchezo ni mbovu. Hakuna mtu wa mashindano atakayeupenda.

Na ubeti wa mwisho, wa watoto, nimeuacha bila mshale wowote. Sekunde thelathini na nane.

Kwa nini nimeichoma? Sijui. Nimeiweka kwenye begi, mfuko wa ndani.

Ijumaa, 25 Julai

Mama anasugua sufuria ambazo zilikuwa safi. Upepo mkali, baridi. Sijala.

Jumamosi, 26 Julai

Saa tatu asubuhi. Wamefika. Suruali mpya kweli. Shangazi Cecilia amevaa kitenge cha kijani, amenikumbatia, hakuniuliza kitu. Mzee Augustino amenisalimia, akaniuliza kama mwaka huu tutalima mtama tena. Nimejibu nini hata sikumbuki. Nipo jikoni, natakiwa nipeleke maji ya kunawa.

Saa saba na nusu. Posa imepokelewa!! Kaka Zablon alikaza sauti kama hakimu. Wazee wameelewana bila kuvutana, watakaa tena kupanga mahari. Mzee aliniambia, mbele ya wote, "Wewe ni mtoto wetu sasa." Sikuweza kumtazama. Tadeo alinitazama mimi. Nikamwonyesha kwa kichwa: ile ya nyimbo kumi na moja, usijali.

Sasa wanapanda gari kwenda ukumbini. Nilijaribu kusema Mzee atakuwa amechoka na safari. Mzee akasema hajachoka.

Saa tisa na dakika kumi. Niko kwenye meza ya mashine, jukwaani pembeni. Mikeka miwili, skrini kubwa ukutani. Ukumbi umejaa. Wageni wetu wamekaa safu ya mbele: Mzee, yule mzee mwenzake, Shangazi, Mama, Tadeo. Diski ya nyimbo kumi na moja iko ndani. Raundi mbili zimekwisha salama.

Saa tisa na nusu. Fainali. Wilbert wa Ihumwa na binti wa Makole. Wilbert ameomba wimbo wa tisa. Nimesema kwenye kipaza sauti haupo. Ukumbi umezomea.

Mama Flaviana amesimama. Amefungua mkoba wake.

Saa kumi kasoro kumi. Niandike haraka, sijui nitakuwa na dakika ngapi.

Mama Flaviana alipanda jukwaani na diski yake, ile aliyoninyima. Waamuzi wakasema diski ni ya Hana, imechomwa na Hana, haki ya mchezaji. Kaka Zablon alikuwa mlangoni, hakuwahi. Nilikuwa na mkono juu ya mashine. Ningeweza kuchomoa waya. Ningesema umeme. Nani angebisha? Sikuchomoa. Siyo ushujaa – niliganda tu.

Fimbo zikaanza kwenye spika. Sauti ya Shangazi ikajaa ukumbi mzima. Nikaona mgongo wa Mzee unanyooka. Halafu mlio, jina, na Wilbert na yule binti wakaruka pamoja, na watu mia mbili wakapiga mguu nao. Mara ya pili. Mara ya tatu, watu sasa wanaruka kwenye viti.

Mzee akainuka. Tadeo naye akainuka kumshika mkono, Mzee akajinasua. Nikajua basi, anaondoka. Hakuelekea mlangoni. Alipanda ngazi za jukwaa, moja moja, akasimama mbele ya meza yangu. Nikabonyeza kusimamisha. Ukumbi ukanyamaza kidogo kidogo, wale wa nyuma mwisho.

"Nani amewaambia waruke pale?" Hakupaza sauti.

Nilimwona Shangazi anaanza kuinuka. Nikajibu kabla hajafika wima.

"Mimi, Baba. Niliweka mishale bila kuelewa. Shangazi hakunituma hilo."

Akanitazama, kwa muda ule ule wa stendi. Jicho limelowa, au ni taa. Akageuka akamtazama dada yake. Wakaambiana kitu kwa Kisandawe, Mzee maneno mawili, Shangazi moja. Sijaelewa. Tadeo ameelewa, maana amekaa chini ghafla na kufunika uso.

Mzee akanigeukia. "Weka tena. Kutoka mwanzo."

Tadeo kutoka chini: "Hana, hapana. Zima."

"Weka," akasema Mzee.

Nimetoa diski ya Mama Flaviana. Nimeweka ile ya mfuko wa ndani. Nimezima kile kipengele cha kukata wimbo mtu asipokanyaga, ili usikatike. Wilbert ameshuka mwenyewe, na binti wa Makole pia. Nimebonyeza.

Dakika nne na sekunde tano, ndiyo urefu wake. Naandika ukiwa unapiga, kwa sababu sijui niiweke wapi mikono.

Mishale inapanda, hakuna mtu. Mahali pa jina skrini iko tupu. Ukumbi haujui ucheke au ufanye nini. Kaka Zablon amefika karibu na swichi ya ukuta na kusimama. Shangazi hajakaa, hajasogea.

Mzee amevua viatu. Amevipanga vizuri pembeni. Ameingia kwenye mkeka, katikati, pasipo na mshale. Amesimama wima, mikono nyuma, anatazama skrini. Jina limepita mara kumi. Hajaondoka.

Kumi na mbili.

Shangazi anakuja kwenye ngazi.

Kumi na tano. Ubeti wa watoto, ule ambao hajawahi kuufikia, bado.